Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Kazi yangu ni kusikiliza. Sisemi kusikiliza shida za watu, maana kazi hiyo wanayo wazee, mashehe na mapadre, nao huifanya vyema kuliko mimi. Nasema kusikiliza maneno. Kwa miaka mingi nimefundisha Kiswahili chuoni Dar es Salaam, na katika yote nifundishayo hakuna kinipacho furaha kama tanakali za sauti, yale maneno madogo ambayo lugha imeyaokota njiani kama mtoto aokotavyo kokoto. Kitu kikianguka majini huanguka chubwi, kikianguka mchangani huanguka tifu, kikianguka matopeni huanguka tapwi. Hata asiyeona aweza kujua, kwa maneno haya matatu, kitu kimeangukia wapi. Nimeandika juu ya maneno hayo, nimepata shahada ya uzamivu kwa ajili yake, na wanafunzi wangu hunitania kwamba mlango wa ofisi yangu ukilia sitautia mafuta mpaka nimalize kuandika umesemaje.

Utani huo ulikuwa karibu na kweli kuliko walivyodhani. Gari langu lilipoanza kulia, mwezi wa Machi, nilifurahi. Kila nilipoteremka kutoka Mlimani na kukanyaga breki, nilisikia mluzi mwembamba upande wa kushoto, mkali kama ncha ya sindano, nao ulikoma mara nilipoinua mguu. Nikaandika katika daftari: mwiii. Siku ya nne nikafuta, nikaandika: fwiii, kwa kuwa niliona mwanzo wake una pumzi. Binti yangu, mwenye umri wa miaka saba, alisema nimekosea mara zote mbili. Gari lasema nyiii. Tulibishana juu ya jambo hilo njia nzima mpaka shuleni kwake. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza gari lilikuwa likitaka nini.

Sasa najua, na msomaji mwenye gari heri ajue bila gharama niliyolipa mimi. Nyuma ya gurudumu la mbele pana sahani nzito ya chuma cha kusubu, izungukayo pamoja na gurudumu, nayo huitwa diski. Sahani hiyo hukumbatiwa na kalipa, mfano wa gando la kaa, na ndani ya gando mna pedi mbili, moja kila upande wa diski. Kila pedi ni kibao cha chuma kilichobandikwa tabaka gumu la msuguano. Ukikanyaga, mafuta ya breki husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, pedi huibana diski, na mwendo wote wa gari hugeuka kuwa joto. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 au zaidi kidogo. Zikibaki milimita 3 hivi, wakati wa kuzibadili umefika. Kwa kuwa watu hatuna desturi ya kuchungulia nyuma ya magurudumu, pedi nyingi huwekwa ulimi mwembamba wa chuma. Tabaka likishaliwa, ulimi huo huigusa diski na kupiga mluzi. Mluzi wangu wa Machi uliwekwa makusudi, tena kwa ajili yangu, na mtu ambaye hatujaonana kamwe.

Breki za diski zina historia ya kelele tangu asili yake. Mwingereza Frederick Lanchester alipopata hati ya kuzimiliki mwaka 1902 alitumia pedi za shaba, na shaba juu ya chuma ilipiga yowe lisilovumilika. Waliomfuata walihangaika kuzinyamazisha. Kisha wakaja wengine, wenye akili ya pili, wakairudisha sauti kidogo, mahali pake na kwa wakati wake. Mimi nilipewa sauti hiyo, nami nikaitia daftarini.

Mwezi wa Juni nilipanda Lushoto kumchukua mama. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, la kulia zaidi kuliko la kushoto, naye alikuwa amepewa siku ya kupasuliwa la kulia huko Moshi. Tuliondoka baada ya adhuhuri. Barabara ya kushuka kutoka Lushoto hata Mombo, kwa kupitia Soni, ni ya kilomita zaidi ya 30, na katika mwendo huo mtu huteremka karibu mita 1,000. Kona zake hazihesabiki. Upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni bonde. Mama alikaa mbele, kushoto kwangu, fimbo yake kati ya magoti, uso ameuelekeza dirishani kwa mazoea tu, maana hakuwa akiona ila mwanga na kivuli.

Tulipokwisha kutoka mjini niligundua kuwa mluzi umekoma. Nikajiambia kwamba gari limejiponya. Kona chache baadaye ikaja sauti nyingine, nzito, kama sufuria ikiburutwa juu ya sakafu ya saruji, nami nikaisikia kwanza kwa unyayo, kabla ya sikio, kwa sababu kikanyagio kilikuwa kikitetemeka. Najua neno lake. Ni kukereza. Najua pia kwamba nilipoisikia sauti hiyo nilinyosha mkono nikaongeza redio.

Mama akasema, “Baba, hebu punguza redio.”

Nikapunguza.

“Kitu gani hicho kinachosaga?”

“Kokoto, mama. Barabara ina kokoto.”

Akanyamaza kona tatu. Kisha akasema, kwa upole kabisa, “Hizo kokoto zipo penye kona tu? Kinasaga ukikanyaga. Ukiachia kinanyamaza. Na kiko hapa kwangu.”

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimesoma vitabu viwili vya ufundi wa magari na kuzungumza na mafundi kadhaa, nami naweza kushuhudia kwamba maneno yale ya mama yalikuwa uchunguzi mzima, umebaki kufungua gurudumu tu. Sauti isikikayo asubuhi, gari lilipolala mvuani, ikakoma baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu, ni kutu ya diski tu, haina neno. Sauti isiyojali breki, bali huongezeka kwa mwendo na kugeuka gari likatapo kona, aghalabu ni ya beringi ya gurudumu. Mkwaruzo mwepesi uendeleao hata usipokanyaga, mara nyingi ni jiwe dogo lililonaswa kati ya diski na bati la kuikinga vumbi. Lakini sauti nzito ya kusaga, ijayo mguu ukishuka na kuondoka mguu ukiinuka, maana yake tabaka limekwisha na chuma chala chuma. Hapo hapana cha kungoja.

Na mahali pale hapakuwa pa kungoja, wala pa kusimama, mpaka nilipopata pembe yenye nafasi. Nilizima injini, nikashuka, nikaliona gurudumu la kushoto likitoa joto kama jiko. Baadaye nilifanya hesabu ambayo sikuwa na utulivu wa kuifanya pale. Gari langu, pamoja nasi na mizigo, lilikuwa na uzito wa kilo 1,300 hivi. Kulishusha mita 1,000 na kulifikisha chini kwa mwendo wa pole ni sawa na kulisimamisha kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa mara 70. Kama joto hilo lote lingeachiwa breki, lingetosha kuchemsha karibu lita 40 za maji. Ndiyo sababu madereva wa zamani hushuka mlima kwa gia ya chini, wakaiachia injini kazi ya kulizuia gari, na breki wakaifanya msaidizi. Jambo hili nililijua. Nalikuwa nimelijua kwa namna nijuavyo tarehe za wafalme wa Uajemi.

Tulingoja hata gurudumu lilipopoa. Tukashuka kwa gia ya pili, na penye mteremko mkali kwa gia ya kwanza, magari yakitupigia honi kwa nyuma, mimi nikikanyaga kwa muda mfupi mfupi na kuachia. Tulichukua zaidi ya saa mbili kufika Mombo. Njia nzima mama hakusema neno ila mara moja aliponiambia, “Kimeanza tena,” kana kwamba nisingeweza kusikia.

Mombo anakaa mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyeendesha malori ya mashamba ya mkonge mpaka alipostaafu. Nilimwamkia, akaitikia, “Marahaba, daktari,” akaliinamia gurudumu, akanusa. Hakuuliza kitu. Akasema, “Gari halitoki hapa. Mpeleke mama yako kwa basi.” Tukaenda kwa basi. Mama alipasuliwa salama, nasi tulirudi Mombo siku ya tatu, jicho lake la kulia limekingwa kwa kifuniko na chupa ndogo ya dawa ya matone ikiwa kibindoni.

Nilitaka kumwita fundi. Mjomba akakataa, alisema mtu aliyeliharibu gari kwa masikio yake heri alitengeneze kwa mikono yake, naye atakaa kitini aone. Basi asubuhi yake tukaanza kazi chini ya mwembe, mahali pa tambarare. Mama aliwekwa barazani, mbali na vumbi, akawa hakimu.

Kazi yenyewe haina siri kubwa, ila ina mpango, na aukosaye mpango aweza kuuawa na gari lililosimama. Nilitia gia, nikavuta breki ya mkono, nikaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Nilizilegeza nati gari lingali chini, maana likishainuliwa gurudumu huzunguka pamoja na spana. Nikapiga jeki. Nilipotaka kuingia ubavuni mjomba alinishika bega, akanionyesha stendi mbili za chuma alizoazima kwa jirani. “Jeki huinua tu,” alisema. “Kukaa kunakaa juu ya hizi.” Alimjua mtu aliyelaliwa na lori, nami sikutaka kujua zaidi.

Gurudumu lilipotoka niliona diski imechimbwa mifereji kama sahani ya santuri iliyochezwa kwa msumari. Kalipa hushikwa kwa bolti mbili nyuma. Nilizifungua, nikaliinua gando na kulitundika kwa waya, kwa sababu likiachwa lining’inie kwa bomba lake la mpira, bomba laweza kupasuka ndani usijue. Vumbi la breki nililiondoa kwa brashi na kitambaa kilicholowa. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi nilipulize, mjomba akanipigia kelele. Zamani pedi nyingi zilikuwa na asbesto, na katika pedi zisizojulikana zilikotoka si busara kudhani haimo.

Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo mluzi peke yake usingetuambia. Pedi ya nje ilikuwa na milimita 4 za tabaka, yaani ingeweza kutumika bado. Ya ndani ilikuwa kibao kitupu, kinang’aa kama kisu. Mjomba aliziweka zote mbili katika kiganja changu, akaniuliza, “Kwa nini ndugu wawili wale chakula kimoja, mmoja anenepe na mwingine afe?” Nilifikiri ni kitendawili, kumbe alitaka jibu. Kalipa ya namna hii ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha gando zima huteleza juu ya pini mbili na kuivuta ile ya nje. Pini zikikosa grisi, zikaota kutu, gando haliwezi kuteleza, na kazi yote huiangukia pedi ya ndani. Pini yetu ya chini ilikuwa imeganda hata ikatubidi kuizungusha kwa koleo nusu saa. Mwaka uliopita nilikuwa nimebadilisha pedi katika gereji moja, nami sina hakika kama pini hizo ziliguswa. Sikuwapo, nilikuwa nimekaa kivulini nasoma tasnifu ya mwanafunzi. Siwezi kuapa juu ya mtu nisiyemtazama.

Nikiwa nasugua pini kwa msasa, mama akauliza kutoka barazani, “Uliisikia tangu lini?”

Nikasema, “Tangu Machi.”

Mjomba akaamka akaenda kutafuta grisi ambayo ilikuwa miguuni pake.

Mama akakaa kidogo. Akasema, “Hukuniambia ni kokoto kwa sababu hukujua. Uliniambia kwa sababu sioni.”

Nimehojiwa na watahini wa chuo kikuu, wanne wameketi mstari mmoja, wala sikupata kukosa neno kama nilivyokosa pale. Ningeweza kusema kwamba nilitaka asiogope. Yamkini sehemu yake ni kweli. Lakini nilijua, naye alijua, kwamba kama angekuwa na macho ya kuona kilindi upande wake, nisingethubutu kumwambia kokoto. Nilisema, “Nisamehe, mama.” Akajibu, “Endelea na kazi, jua litakuwa kali.” Mpaka leo sijui kama hilo lilikuwa msamaha.

Diski zote mbili za mbele tulizipeleka Korogwe kwa fundi mwenye mashine. Kila diski hupigwa chapa ya unene wa mwisho ambao chini yake haifai tena; zetu zilikuwa na nafasi ya kutosha kuondolewa mifereji na kubaki juu ya mpaka huo. Zisingekuwa na nafasi hiyo, zingekuwa za kutupwa, hata kama zaonekana nzito mkononi. Fundi aliniuliza, “Nizikereze?” nami nikasimama pale mlangoni kama mpumbavu. Neno lile lile nililolitumia kwa sauti ya gari likifa, yeye alilitumia kwa kazi ya kuliponya. Na mtu asagaye meno usingizini tunasema anakereza meno. Kamusi zayajua yote hayo. Lakini sikuwa nimewahi kuyasikia yakiwa pamoja, tena ya mwisho katika kinywa cha mtu aliyeshika chuma chenyewe. Daftari lilikuwa mfukoni. Sikulitoa.

Tuliporudi tulizipaka pini grisi isiyoyeyuka kwa joto, tukiangalia isiguse pedi wala uso wa diski. Pistoni tuliirudisha ndani polepole kwa jiliwa, na kibao cha pedi kuukuu kimewekwa mbele yake, huku kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki kikiwa wazi na mjomba akiangalia yasifurike, maana mafuta hayo hubabua rangi ya gari. Pedi mpya tulitia pande zote mbili, kulia na kushoto, ijapokuwa za kulia zilikuwa bado nzuri. Pande mbili zisipolingana, gari huvuta upande siku ya breki ya ghafula. Nati tulizikaza kwa kurukiana, si kwa kufuatana.

Nikaingia garini kwa fahari yote ya fundi mpya, nikawasha injini, nikatia gia ya nyuma, gari likaanza kwenda. Nikakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini, hapana kitu. Gari lilijiendea polepole mpaka likaligota shina la mwembe kwa kisogo, na maembe mawili mabichi yakaanguka juu ya paa. Mjomba alicheka hata akakaa chini. Pistoni iliyosukumwa ndani haina budi kurudishwa nje kwa kukanyaga na kuachia mara nyingi, injini ikiwa imezimwa, mpaka kikanyagio kiwe kigumu. Na jambo hilo hufanywa kabla ya gari kujongea hata hatua moja. Alikuwa amenificha makusudi. Alichagua uwanja wa tambarare na mti wenye shina nene, akaniachia nijifunze. Mama aliuliza barazani, “Hiyo nayo ni kokoto?”

Kesho yake tulibadilisha mafuta ya breki, ambayo yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji yaweza kuchemka kwa nyuzi 140, na mafuta yaliyochemka hujaa mvuke, na mvuke hauisukumi pistoni. Nikafikiri juu ya gurudumu lile lililotoa joto kama jiko. Kisha nikalipeleka gari barabarani, nikaliongeza mwendo na kulipunguza mara nyingi bila kulisimamisha kabisa, ili pedi na diski zizoeane. Tukampandisha mama nyumbani jioni.

Wiki sita baadaye nilirudi Lushoto kumchukua kwa ajili ya jicho la kushoto. Jicho la kulia lilikuwa limepona; aliniona nikiwa mbali, akaniambia nimenenepa. Tulianza kuteremka kwa gia ya pili, redio imezimwa. Karibu na Soni alijiinua kidogo, akashika ukingo wa dirisha, akachungulia bondeni kwa muda mrefu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka minne.

“Kumbe ni kina hivi,” akasema.

“Ndivyo, mama.”

Akaegemea kiti. Akakaza fimbo kati ya magoti. Kona iliyofuata ilikuwa inakuja, nami nilikuwa nimeinua mguu.

“Kanyaga,” akasema, “nisikie.”

Nikakanyaga, naye akafumba macho kusikiliza.